Herufi Arobaini za Shukrani

Mimi Laurette, kazi yangu kwenye biro ya uchunguzi njo kuingiza majibu ya wananchi juu ya misaada ndani ya R, ile programu ya takwimu, na kuyachapisha. Programu haina ubaya. Inachapisha kile umeiambia: jibu zima, ao kipande. Ubaya ni wa shefu wetu, Papa Jean-Pierre.

"Majibu marefu yanaharibu tablo," aliniambia. "Kata kila moja kwenye herufi arobaini. Wafadhili wanapenda safu zilizonyooka."

"Papa, watu wa huku hawaanzi na malalamiko. Wanasalimia, wanashukuru, kisha njo wanasema."

"Kata, Laurette."

Mwenye nguvu mpishe. Nikakata.

Mama Clémence, anayekaa pale mto Lukuga unapotoka ziwani, alikuwa ameulizwa juu ya pompe ya maji ya mtaa wao, akajibu hivi: "Tunawashukuru sana kwa pompe, Mungu awabariki, lakini imekufa tangu Pasaka, tunakunywa maji ya ziwa, na mutoto wangu Bénit ametoka kulazwa kwa kipindupindu." Karatasi ikatoka: "Tunawashukuru sana kwa pompe, Mungu awab". Hata baraka haikumalizika! Majirani zake vilevile, shukrani juu ya shukrani. Wafadhili wakafurahi, na fundi wa pompe akatumwa mji mwingine, Manono.

Mama Clémence akaja biro kuuliza fundi atafika lini. Nilimusomea karatasi, haya imenijaa.

"Kumbe adabu yangu njo imeniponza," akasema. "Basi. Siku ingine sitasalimia."

Uchunguzi wa pili ulifanyika wakati wa mvua. Kijana wa biro anayeuliza maswali alipofika kwa Mama Clémence, hakupewa kiti wala bonjour. "Pompe imekufa, watoto wanaharisha." Jibu likaenea kwenye safu, pamoja na nukta yake. Nilifurahi kweli, nikalipeleka mwenyewe kwa shefu.

Akasoma mpaka mwisho, akasonya. "Huyu mama hana adabu. Muntu wa hasira hatoi jibu la kweli. Mutoe."

Nikamuambia sitoi. Akavuta kompyuta, akafuta mustari kwa kidole chake.

Jumapili, mbele ya kanisa, Mama Clémence akanishika mkono. Alikuwa anatoka hospitali. Bénit amelazwa tena.

"Laurette, mwanangu, safari hii wamesoma mpaka mwisho?"

"Ndiyo, Mama," nikamujibu. "Wamesoma yote."