Mvi za Kung'olewa Mjini

...na unywele huu mwingine tena, alilalama Obwocha moyoni, Kemuma akishamaliza kidevu atahamia puani au vipi, lakini mjukuu alikuwa amemkalia magotini na kumshika taya kwa mkono mmoja, akichagua mvi na kuzing'oa, "Tulia, Sokoro, nikizimaliza utakuwa kijana tena, halafu utanioa," naye Sokoro, yaani babu, akajibu kama ilivyo desturi ya babu na mjukuu, "Na ng'ombe wa mahari nitatoa wapi, mke wangu?", akacheka, kisha akatega sikio, maana nyuma yake, ndani ya nyumba ya mkewe Gesare, mwanawe Benard alikuwa akila na kuongea na mama yake, na maneno yalipenya ukuta wa udongo vipande vipande... "likizo ijayo, Mama, hawatakuja"... hawatakuja?, nani hao, labda ni wageni wengine anaowasema, "kuna mwalimu atawafundisha mjini likizo nzima, wakikaa huku wanarudi wamesahau kila kitu"... wamesahau nini, wewe Benard?, Onchiri huyu alikuja akimlilia dada yake Kemuma kila akiona kuku, mtazame sasa na kifimbo chake, anazunguka ngozi ya kuanikia wimbi, hakuna jogoo anayethubutu kusogea, na Kemuma ameshajua kukama, maziwa nusu kwenye kibuyu na nusu miguuni, lakini ameshajua, na jioni wote wawili wanalala na nyanya yao, wanasimuliwa hadithi za fisi mpaka wanakojoa kwa kuogopa kutoka nje, je, hayo mwalimu wa mjini atawapa?, thubutu!... "Aii, Sokoro, usitikise kichwa"... Gesare anasema nini huko ndani, "Wewe mwenyewe unajua, mwanangu, mimi nitapanda lori la ndizi nije niwaone"... naam, Gesare atapanda lori, atakaribishwa, ataketi na kunywa chai na mkwewe Jemimah, na Obwocha je?, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hiyo ndiyo chinsoni, heshima aliyoikuta kwa baba yake, hata mchungaji aliyewabatiza hakuigusa, na hapa Gesima haimsumbui mtu, watoto wanavuka ua tu wanakuja kwake, lakini kule mjini Kisii Benard amepanga chumba kimoja, mlango mmoja, ukivuka kizingiti umeshafika kitandani kwa watu... kwa hiyo asipowaona likizo hawaoni tena, ni hivyo, atawasikia tu kwa mdomo wa Gesare, wamerefuka, wameng'oka meno, na siku moja wataletwa wamsalimie kama wanavyosalimia wazee wa kanisa, kwa mkono mmoja na macho chini, Mungu wangu, roho ilimuuma waziwazi... "Sokoro, ile siku ulileta ndizi kwetu, mbona ulikimbia?"... ebo, kumbe alimwona!, na yeye alidhani hakuna aliyemwona, alikuwa ametembea tangu alfajiri na mkungu kichwani, akafika, akauona ule mlango wazi na pazia la maua likipepea, miguu ikakataa, akamtwika jirani ndizi na kugeuka upesi, na nyuma yake sauti nyembamba iliita Sokoro, Sokoro, akajiambia ni mtoto wa mtu mwingine, akazidisha mwendo... "Sikukimbia, mke wangu, nilikuwa na haraka"... "Ulikimbia. Nililia"... alilia, mtoto alilia dirishani na mzee mzima anatoroka kama mwizi wa kuku, kwa sababu gani hasa?, chinsoni imesema asiingie, sawa, na hataingia mpaka azikwe, lakini ni nani aliyesema asifike?, hakuna, hata baba yake hakusema, ni woga wake tu na aibu ya kusimama nje machoni pa watu wa mjini, basi na wamtazame, atabeba kigoda hiki hiki alichokikalia, atakiweka nje chini ya dirisha, ataupa mlango mgongo ili asione kitanda cha mtu, na watoto watatoka wamfuate, mvua ikinyesha atajikunyata ukutani, Jemimah akitaka atamtuma Kemuma na kikombe cha chai, asipotaka basi, ana meno ya kutafuna mahindi yake, na hamwombi Benard ruhusa, hata kidogo, huyo mwalimu amfundishe mtoto Kiingereza mpaka kimtoke puani, naye si lazima atoke akakojoe?, hapo hapo mzee atasimulia fisi... ndani kijiko kilikuwa bado kinakwangua sahani, Benard akirudia, "hawatakuja, Mama, nimeshaamua," na sauti hiyo sasa ilimpita Obwocha kama ya mpita njia, Onchiri alikuwa bado anamfokea jogoo, vidole vidogo vikatafuta unywele mwingine shavuni... "Zimebaki nyingi?" akauliza. "Nyingi sana, Sokoro." "Basi usizimalize leo," akamwambia, "hizo zingine utaning'olea kwenu mjini, nje, chini ya dirisha."