Matundu ya Behewa la Puge

Ti-ti-ti.

Leodgar Mahona alikuwa ameinama, mlango ameupa mgongo, anapuliza makaa yaliyokuwa yakipasha chuma chake cha kulehemu. Hakugeuka. Wapita njia wa Chemchem walikuwa na tabia ya kugusagusa kila kitu kilichowekwa mezani, na yeye alishachoka kuwafokea.

Ti-ti-ti. Kimya kidogo. Halafu tena, safari hii upande wa pili wa meza, polepole, kama mganga anayegonga kifua cha mgonjwa. Kisha kicheko.

"Tupu," ikasema sauti ya kike. "Behewa lenye mzigo hunyamaza. Tupu ndilo linalolia. Kama mwenyewe."

Leodgar akageuka kwa kasi. Bi Zuena alikuwa amesimama barazani, kanga begani, na kidole chenye pete ya fedha kiko juu ya paa la behewa lake.

"Shikamoo, Bi Zuena," alisema, na salamu yenyewe ilitoka kama mtu anayeng'olewa jino.

"Marahaba, mpagazi. Endelea kupuliza, usije ukazimika."

Angekuwa mtu mwingine, pangechimbika. Lakini Bi Zuena alikuwa Mzaramo na Leodgar alikuwa Mnyamwezi, na hao ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu wa huyu alipofika pwani na jino la ndovu begani na babu wa yule akamcheka miguu iliyojaa vumbi la miezi mitatu. Mtani hukutukana mbele ya watu. Mtani huchukua kitu chako huku ukimtazama, na hurudishiwi mpaka ukikomboe. Ukikasirika, umeshindwa, na mji mzima utajua umeshindwa.

Tena Bi Zuena hakuwa mtani wa mchezo. Alikuja Tabora msichana wa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni za mizigo, daftari kwapani na chaki mkononi, akiandika namba ya kila behewa lililoingia na lililotoka. Sasa macho yalikuwa yamefifia, watu aliwatambua kwa sauti. Vidole vyake ndivyo vilivyobaki kuwa macho.

"Nasikia Jumamosi unalipeleka kwa wazee," alisema.

"Nalipeleka. Na nakwambia mapema, hawatakuta kosa."

Hayo aliyasema mbele yake kama alivyokuwa ameyasema soko zima. Miezi minane iliyopita aliacha kutengeneza majiko kwenye banda la mjomba wake, Masanja, kwa sababu wastaafu wa reli walikuwa wanaandaa chumba cha kumbukumbu pale Mtendeni na walitaka treni ndogo ya mabehewa kumi na moja, yawe vilevile yalivyokuwa wakati wao. Mwenyekiti wao, Mzee Nikolaus, dereva wa treni wa zamani, alimpa sharti fupi: "Tengeneza moja. Tukilikubali, kumi yaliyobaki ni yako. Tukilikataa, tusisumbuane." Mjomba Masanja alicheka, akasema kigoda cha Leodgar kitabaki palepale kando ya majiko. Leodgar akawaka. Akaapa mbele ya wateja kwamba behewa likikataliwa atarudi kwenye kigoda hicho na hatagusa tena kitu chenye magurudumu maisha yake yote. Neno likishamtoka Leodgar, halirudi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Sentimita thelathini na nne," alisema sasa, akilisogelea behewa lake. "La kweli nililipima kwa futi kamba, kila sentimita ishirini nikaifanya moja. Bati ni la madebe ya mafuta. Ribiti za kubania bati mia mbili na kumi na mbili, kila moja ni kichwa cha pini, nimezihesabu kwenye la kweli na nimezihesabu hapa. Mlango unateleza. Jaribu."

Bi Zuena akaujaribu. Ukateleza bila kelele. Vidole vikatembea juu ya kuta, vikashuka kwenye magurudumu, vikapanda pembeni hadi chini ya paa. Vikasimama.

"Na haya?"

"Matundu ya hewa. Kumi na manne, saba kila upande."

"Hewa ya nani?"

"Ya mizigo."

"Mizigo ilikuwa inapumua?" Akaanza kucheka tena, mabega yakitikisika. "Leodgar, mwanangu, ndani ya haya tulikuwa tunabeba chumvi ya Uvinza. Tunabeba simenti. Mvua moja tu ya kwenu huku, chumvi inafika Tabora imekuwa supu, na simenti imekuwa jiwe la kaburi. Nani alikuambia lilikuwa na matundu?"

"Hakuna aliyeniambia! Nimeyaona! Nimelala Puge siku tatu nikilipima!"

"Puge? Reli imefika Puge lini?"

Reli haikufika Puge. Behewa lile lilifika huko juu ya lori, miaka mingi baada ya kustaafishwa, na mwenyewe, Mama Kabula, alilifanya ghala. Leodgar akachukua simu, akampigia, na kwa sababu mikono ilikuwa na majivu akaiweka mezani kwa spika.

"Mama Kabula, shikamoo. Yale matundu ya juu kwenye ghala lako…"

"Marahaba baba! Yale? Aa! Baba Kabula alimleta fundi wa kuchomelea akayatoboa, mwaka ule karanga zetu zilipoota ukungu. Tangu hapo, safi kabisa. Kwani na wewe una karanga?"

Bi Zuena alilazimika kushika nguzo ya baraza asianguke. Mshona viatu wa upande wa pili wa njia, aliyesikia yote, akapiga makofi.

"Behewa la karanga!" alipaza sauti. "Leodgar katengeneza behewa la karanga!"

Damu ikampanda Leodgar kichwani. Miezi minane. Pini mia mbili na kumi na mbili. Alikuwa amenakili kwa uaminifu wote kosa la mkulima na ukungu wake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye nyundo.

"Heri nilivunje mwenyewe kuliko wazee wanicheke Jumamosi."

Nyundo ikapanda, na iliposhuka ilikuta meza. Behewa lilikuwa limeshaingia ndani ya kanga ya Bi Zuena.

"Limekamatwa," alisema yule mama, bila kucheka safari hii. "Si lako tena. Ni la Wazaramo."

"Bi Zuena, nipe."

"Unakasirika?"

Njia nzima ilikuwa inatazama. Mshona viatu aliinua nyusi, anasubiri.

"Sikasiriki," Leodgar alisema, meno yamebanana.

"Vizuri. Kesho asubuhi nina kiroba cha mchele sokoni Mtendeni, kilo ishirini na tano. Ukilete nyumbani kwangu kichwani, kama babu zako walivyotuletea pembe. Si kwa baiskeli, si kwa bodaboda. Na mpagazi haendi kimya, huimba. Ukikosa wimbo, behewa nitalifugia vifaranga."

Akaondoka, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, kwapani amebana miezi minane ya Leodgar.

*

Asubuhi ya Ijumaa soko la Mtendeni lilikuwa na watu kuliko kawaida, na Leodgar alimjua wa kumshukuru: mshona viatu. Mwenye duka alimtwika. Shingo ikalia, kah. Hatua kumi za kwanza alitembea kimya, uso umekunjamana, na wanawake wa nyanya wakaanza: "Bubu! Mpagazi bubu! Rudisha mzigo!"

Sasa, kuna jambo moja ambalo Leodgar hakuweza kulivumilia hata akiwa amebeba kilo ishirini na tano, nalo ni mtu kudhani kwamba ameishiwa maneno. Akavuta pumzi:

*Mpagazi nanyanyuka, kichwani nimejitwika,*
*Mzaramo kanicheka, jino moja likatoka!*
*Njooni mje kulisaka, kwenye wali litapikwa!*

"Ya mwisho imepinda!" mtu mmoja alipiga kelele.

"Beba wewe tuone kama haitapinda!" Leodgar alijibu, na soko likaangua kicheko, na ajabu ni kwamba yeye naye alicheka, mpaka kiroba kikayumba. Kutoka hapo hadi Chemchem aliimba beti nyingine, baadhi nzuri, baadhi za kuficha. Watoto walifuata nyuma wakiitikia. Alipofika kwa Bi Zuena, shati limeloa na hasira zote zilikuwa zimemwagika njiani, hakujua ni kona ipi.

Bi Zuena alikuwa ukumbini. Behewa lilikuwa juu ya kitambaa cha meza, kama mgeni.

"Nimesikia ubeti wa jino," alisema. "Nitalipiza. Kaa, kunywa maji. Tangu jana nina swali."

Akalivuta behewa karibu, akashika kidole cha Leodgar na kukipeleka kushoto kwa mlango, chini kidogo ya katikati. Pale palikuwa na matundu manne madogo mno, kila moja la ukubwa wa ncha ya sindano, yamekaa kama pembe za mstatili.

"Haya nayo ni ya karanga?"

"Hapana. Haya yalikuwa na kutu ya zamani. Sijui ni ya nini."

"Hujui ni ya nini, na umeyaweka?"

"Yalikuwepo," Leodgar alisema. "Siwezi kuacha kitu kwa sababu tu sikijui."

Bi Zuena akakirudisha kidole chake kwenye yale matundu, akayapapasa moja moja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Leodgar hakuwahi kuisikia kwake:

"Hapo ndipo nilipokuwa nachomeka kadi."

"Kadi gani?"

"Ya safari. Kila behewa lilikuwa na fremu ndogo ya bati hapo, na ribiti nne. Mimi nachomeka kadi: Kigoma, Mpanda, Mwanza. Bila kadi behewa halijui kwao. Fremu zilikuwa za kwanza kung'oka, watu wote wameshazisahau. Nikolaus mwenyewe alikuwa mbele kwenye injini, angezionea wapi? Nikifa mimi, hakuna atakayejua kama ziliwahi kuwepo." Akapiga meza kwa kofi. "Na wewe, mpumbavu wa Kinyamwezi, umeniletea matundu yake yote manne, mahali pake hasa!"

Leodgar akayainamia tena matundu yale.

"Fremu ilikuwa na ukubwa gani?"

"Kiganja changu. Kiganja cha wakati ule, kabla hakijanenepa."

Akakitandaza mezani. Leodgar akatoa futi kamba.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, wastaafu kumi na sita walikuwa wamekaa ukumbini Mtendeni. Mjomba Masanja naye alikuja, na kwa uchokozi alikuja na kile kigoda, akakiweka karibu na mlango.

Matundu kumi na manne yalikuwa yamezibwa kwa risasi ya kulehemu, yakapigwa msasa, yakapakwa rangi. Mzee Nikolaus alilishika behewa, akaliinamia na kioo chake cha kukuzia. Aliangalia magurudumu. Aliangalia mlango. Alihesabu ribiti za kona, midomo ikicheza.

Halafu kioo kikasimama kushoto kwa mlango, juu ya fremu mpya ya bati.

"Hiki ni nini? Hiki hakikuwepo."

Masanja akakisukuma kigoda kwa mguu, hatua moja mbele.

"Kilikuwepo," Leodgar alisema. "Mzee, wewe ulikuwa mbele unatazama njia. Muulize aliyekuwa anatembea nyuma yako."

Bi Zuena akainuka, akapapasa meza mpaka akalipata behewa. Kutoka kwenye pindo la kanga akatoa kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko ukucha, akakichomeka kwenye fremu. Kilikaa sawasawa. Juu yake Leodgar alikuwa ameandika kwa ncha ya pini: KIGOMA.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa mfunga breki, akasema kama mtu aliyeota: "Lo! Kadi za Zuena." Mwingine akaitikia, "Zilikuwa zinapepea ukitoka Usoke." Na mara wote walikuwa wanasema kwa pamoja, wanabishania rangi ya kadi za Mpanda, na behewa likapita mkono hadi mkono, na hakuna aliyekumbuka kumsubiri mwenyekiti.

Mzee Nikolaus alivua miwani, akaifuta. "Miaka yote ile nimeyavuta mabehewa haya," alisema, "na sikujua yalikuwa na anwani." Akamgeukia Leodgar. "Kumi yaliyobaki ni yako, kijana. Na wewe Masanja, ondoa kigoda, watu watajikwaa."

Masanja alikikalia mwenyewe, akicheka kuliko wote.

Behewa lilipomrudia Bi Zuena, aliligonga kwa pete. Ti-ti-ti.

"Bado tupu," alisema. "Na mwenye nalo ataanza kujivuna upya kabla ya adhuhuri. Mpagazi! Haya kumi mengine utayapimia wapi? Nzega kuna behewa limefanywa banda la kinyozi, usije ukatuletea lenye vioo."

Ukumbi ulicheka. Leodgar alisimama. Safari hii hakukunja uso. Alitaka wote kumi na sita wasikie, na mjomba, na mshona viatu aliyekuwa anachungulia dirishani, kwa sababu alijijua: neno likimtoka, halirudi.

"Bi Zuena, sikiliza, na wazee wote ni mashahidi. Katika mabehewa kumi yaliyobaki sitaziba tundu, wala sitatoboa, kabla vidole vyako havijapita. Kila Ijumaa nitakubebea mchele wako kichwani mpaka treni iishe. Na siku itakapoisha, kando ya behewa la mwisho nitakusimamisha wewe mwenyewe, wa bati, kanga begani na chaki mkononi, na kiganja nitakifanya cha wakati ule, kabla hakijanenepa."