Maksai wa Basil

Ndama wa mwisho wa Avelina alikufa Jumatatu, tezi za chini ya masikio zimevimba, povu linamtoka puani. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Atusaye, afisa wa mradi wa ng'ombe, alimpasua, akakuta mapafu yamejaa maji, akanawa mikono.

"Kupe," alimwambia Avelina, akaondoka.

Haikuwa uongo, ila ilikuwa nusu ya habari. Ndama wote waliokufa kijijini walikuwa wa dume mmoja mwekundu, na wengi walikuwa watoto na wajukuu wake kwa wakati mmoja. Atusaye ndiye aliyemchagua, kwa uzito na mgongo ulionyooka. Kabla ya hapo wafugaji wa uwanda waliazimana madume: jike alipelekwa kwa jirani yeyote, na mwenye jike alishukuru kwa ndoo ya pombe ya komoni. Atusaye aliuita utaratibu huo kubahatisha. Aliwataka wahasi madume wengine wote. Walikubali kwa sababu alikuwa amesoma.

Na kweli alikuwa amesoma jambo hilohilo. Chuoni aliandika juu ya jeni za kinga za mamalia: kila mnyama hurithi nakala mbili, ya baba na ya mama, na nakala tofauti hutambua vimelea tofauti. Vimelea hujifunza kuikwepa nakala iliyoenea. Mwenye nakala adimu hupona na kuzaa. Kwa hiyo uteuzi wa asili haubakizi nakala moja bora. Hutunza mchanganyiko. Alipata alama za juu, kisha akaja Ufipa na mizani, akapima nyama.

Zizini kwa Basil, mfugaji mwingine wa kijiji hicho, walikuwapo ndama wawili wa madoa. Waliumwa kama wengine, wakapona. Madoa hayo Atusaye aliyajua: ya dume mwenye pembe iliyopinda, ambaye yeye mwenyewe aliagiza ahasiwe. Basi Basil alimficha. Kwa mara ya kwanza Atusaye alitamani kukuta mtu amemkaidi.

Alimkuta Basil shambani analima. Mkewe, Cornelia, alitangulia akiongoza ng'ombe.

"Shikamoo, mzee Basil. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama mifugo," alisema Basil. "Leo umekuja kupima udongo?"

"Nimemfuata dume wenu wa madoa. Mitamba ya Avelina inahitaji dume mwingine."

"Huyo hapo," alisema Cornelia. "Msalimie."

Upande wa kulia wa nira alisimama ng'ombe wa madoa mwenye pembe iliyopinda, amenenepa, ametulia. Maksai.

"Tulimficha Ilemba kwa ndugu, majike wetu tukawapeleka huko," alisema Basil. "Mwaka jana nikaona aibu. Mtu amesoma, katoka Mbeya kuja kutusaidia, mimi namdanganya kwa ajili ya ng'ombe? Nikamrudisha. Vijana wako wakaja na koleo lao la kuhasi."

Atusaye alitazama matope kwenye viatu vyake.

"Si wewe wa kuona aibu, mzee. Dume wangu aliwapanda binti zake. Ndama wakakosa kinga ya namna nyingine. Nilijua hatari hiyo kabla sijaja huku."

"Ulijua?" aliuliza Cornelia. "Mbona Avelina anasema ni kupe?"

"Nilimwambia hivyo."

Basil alikwangua udongo kwenye jembe la plau, taratibu.

"Huyu ana mwanawe mmoja dume, yuko Kaoze kwa shemeji yangu Valerian. Hana umbo."

"Hajahasiwa?"

"Mradi wako haujafika Kaoze," alisema Cornelia. "Bahati yao."

"Naweza kumfuata kesho?"

"Kwanza kwa Avelina," alisema Basil. "Akiona dume mbaya anapanda mitamba yake atadhani mimi nashindana na mradi. Mwambie hayo uliyotuambia, nasi tukiwapo."

"Sasa hivi?"

"Ng'ombe nao wapumzike."

Walikwenda watatu. Avelina alipowaona alitoka na kigoda, akakifuta kwa khanga yake.

"Karibu, dada. Pole, ulihangaika sana na ndama wangu. Kaa, nikuletee uji."

Atusaye hakukaa.

"Dada Avelina," alisema, "si kupe peke yao."