Benchi Chini ya Tao la Maua

Nyinyi mabinti mnaokula sahani moja na kuazimana viatu, someni haya. Na mama zenu wasome zaidi, maana mtoto akinyamaza sana, mama ndiye anayekosa usingizi.

Binti yangu anafanya kazi kwenye bustani ya mimea, ile kubwa ya kuingia kwa tiketi. Mwenzake wa kazi tulimwita Pacha, kwa kuwa walikuwa hawaachani. Alikuwa akiingia kwangu, anafunua sufuria mwenyewe, ananiita mama. Nami nilimwita mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini nani anavua nguo kila siku akakague?

Kwa ajili ya maonyesho ya kiangazi, binti yangu alitengeneza tao la maua. Alipinda nyaya, akaufundisha mmea kutambaa, na kila tawi changa akalifunga kwa kitambaa alichochana kwenye gauni langu kuukuu la bluu, kwa sababu kamba ingelikata. Maonyesho yalipokaribia akaugua homa. Aliporudi kazini alikuta kibao kimesimikwa: tao limebuniwa na Pacha. Mkurugenzi alikuwa ameshaambiwa hivyo, na kwa tao hilo Pacha akapewa ukuu wa kitalu. Binti yangu akapelekwa kona ya nyuma, kwenye maonyesho ya mimea inayojilinda: miiba, michongoma, na upupu uliofungiwa ndani ya wavu. Ufunguo wa wavu ulikuwa mmoja tu, na alikuwa nao yeye.

Alipomuuliza mwenzake, alijibiwa, "Shoga, tao ni tao. Si utatengeneza jingine?"

Hakulia. Alikuwa anatafuna chakula bila kumeza, anatazama ukuta. Halafu asubuhi ya ufunguzi akaamka anaimba, anapiga pasi sare yake. Hapo ndipo nilipoogopa. Aliyedhulumiwa akianza kuimba, ficha visu. Nikavaa, nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya kitalu anavua glavu kwa ncha za vidole.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Nimekuzaa mimi. Umefanya nini?"

Akatupa jicho upande wa tao. "Pacha atapigwa picha pale kwenye benchi, wageni wakifika. Mama, usikae pale."

Sitawadanganya, moyo wangu ulipoa. Akilini nilishamwona Pacha anajikuna mbele ya wakubwa, na nikaanza kutafuta kivuli kizuri cha kutazamia.

Kisha nikasikia watoto. Kiangazi bustani huwa na shughuli zao, wanapaka vyungu rangi, wanasaka mbegu, wanachora maua. Mwalimu wao, dada mmoja wa kofia pana, akapiga makofi. "Haya wachoraji wangu, leo tunachora tao. Atakayefika kwanza atakaa kwenye benchi."

Wakatimua mbio.

Ningepiga kelele kwamba kuna upupu, wangeuliza umefikaje pale, na mwenye ufunguo ni mmoja. Mwanangu angetoka pale na askari. Ningenyamaza, ngozi za watoto wa watu zingewaka. Nina magoti mabovu mimi, lakini siku hiyo niliwapita wote. Nikakaa katikati ya benchi, nikatandaza gauni, nikakandamiza viganja huku na huku kama kuku anayeatamia.

"Bibi, benchi ni letu," kasichana kamoja kakaniambia.

"Mimi ndiye nimefika kwanza. Nyasi zote zile ni zenu."

"Mbona umetoa macho hivyo?"

"Naangalia maua."

Upupu huanza kama sisimizi wanaopita, kisha wanakuwa makaa. Nilikaza meno, nikainua uso. Juu yangu nikaviona vipande vya gauni langu la bluu, vimeshika matawi mpaka kileleni. Mwizi hata hakujisumbua kuvifungua. Chembe ya huruma niliyokuwa nayo ikanikauka.

Watoto walipokwisha kuchora na kuondoka, Pacha akaja na Mkurugenzi, wageni na mpiga picha. Alivaa gauni jeupe lisilo na mikono.

"Mama, sogea kidogo basi tupige picha."

"Magoti, mwanangu. Nikikaa nimekaa."

Wageni wakacheka. Pacha, kwa kuwa anatazamwa, akawaambia, "Huyu ni mama yangu kabisa. Nimekula kwake mpaka nikanenepa." Akaja ameinyoosha mikono.

Ningeweza kusema nina mafua. Ningeweza kusema nimelowa jasho. Lakini watoto nilikuwa nimeshawaokoa, na mtu mzima ajiokoe.

"Njoo, mwanangu," nikasema. Nikamkumbatia kimama. Nikampapasa shingo, nikampapasa mikono, nikamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. "Hongera kwa kazi ya mikono yako."

Mkurugenzi akamwomba awaeleze wageni alivyolitengeneza tao.

"Hili tao nililianza," akasema, akajikuna shingo. "Nililianza na..." Akajikuna shavu, akajikuna kwapa.

Mama mmoja kati ya wageni akauliza, "Na hivi vitambaa vya bluu, binti, umevitoa wapi?"

Pacha akatazama juu. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuviona. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatulia kama picha. Akaondoka mbio kuelekea bombani, anajikuna kwa mikono miwili, wageni wakimpisha. Binti yangu akaja na ndoo na matambara, nikainuka, akalisugua benchi lote.

Nyumbani alinipaka unga uliokandwa ili unase upupu, mgongo mzima, analia. "Mama, ningejua utakaa wewe..."

"Hukujua. Ungekuta kale kasichana ndiko kamekaa, ungekapaka nini?"

Akakanda donge jingine la unga. Ufunguo wa wavu aliurudisha ofisini kesho yake, akaomba kona nyingine.

Kibao bado kina jina la Pacha, na kitalu bado ni chake. Mabinti, msitegeane viti. Anayekikalia si yule uliyemtegea. Na nyinyi akina Pacha, mkichukua cha mwenzenu, msirudi kumkumbatia mama yake. Atawaita mwanangu kama zamani, na mikono atafungua.