Nakijwa katika Nchi ya Neno Moja

Siku ile usingizi ulimkuta Mwalimu Nakijwa Mshana akiwa na hasira, na hasira, kama wanavyojua waliowahi kulala nayo, hailali. Alikuwa ametoka mkutanoni saa tisa alasiri. Wageni wa kampuni moja ya maji ya chupa walikuwa wamepanda hadi Kisangeni, kule juu milimani Upare, wakiitaka chemchemi inayojaza ndiva, lile bwawa ambalo mifereji ya mashamba yote huanzia. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na kwa kuwa Nakijwa ndiye aliyefundisha Kiingereza shuleni, aliitwa kuutafsiri. Alipofika ukurasa wa nne akaona kwamba wanakijiji wangebakiwa na ruhusa ya kuchota kwa ndoo tu, kumwagilia mashamba kungekoma. Akasimama aseme. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elinaja, ambaye tangu asubuhi alitaka wageni wamwone msomi, akamkatiza kwa Kiingereza: "Madam, be still!" yaani, bibi, tulia. Wageni wakacheka. Nakijwa akaketi. Mkutano ukaahirishwa hadi kesho yake asubuhi, watu waje kupiga kura. Nyumbani hakugusa chakula. Alijilaza mkekani, neno lile likimzunguka kichwani kama nzi, still, still, mpaka macho yakafumbika.

Akajiona amesimama mbele ya lango refu, na juu yake limechongwa neno hilohilo, peke yake. Langoni alikaa bwana mmoja mnene, joho lake jeupe halina kikunjo, sauti yake laini kama mtindi. "Karibu, mwalimu," akasema. "Mimi naitwa Utulivu. Humu ndani hakuna anayegombana na mwenziwe. Ingia, keti, tulia." Nakijwa akaingia. Mbele yake ulitandaa uwanda ambao upepo haukuwahi kuupitia. Watu maelfu walikuwa wameketi chini, kuvu imewapanda miguuni, buibui wamefuma nyavu midomoni mwao. Katikati palikuwa na maji yanayong'aa kama kioo, hayana wimbi wala chura. Alipoinama anywe, yakamnukia uvundo. Kando ya maji bwana mwingine, jina lake Faraja-ya-Uongo, alikuwa akikeneka machozi ya watu wale katika mtambo wa gongo na kuwagawia wanywe wasahau. Nakijwa akakumbuka kwamba mtambo ule nao Waingereza huuita kwa neno lilelile la langoni.

Ndipo alipomwona mama yake, aliyefariki miaka saba iliyopita, ameketi miongoni mwao na mikono mapajani.

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Nimetulia, mwanangu. Baba zako wadogo walipochukua shamba la marehemu baba yako, niliambiwa mwanamke mwema hutulia. Nikatulia. Nilisifiwa sana."

"Na shamba?"

Mama akaitazama miguu yake, iliyofunikwa na kuvu mpaka magotini. "Nilisifiwa sana," akarudia.

Nakijwa akamshika mikono amvute, lakini mwanamke mwembamba akatokea nyuma na kumfunika mabega kwa khanga nzito. Huyu alikuwa Woga, dada yake Utulivu. "Pumzika kidogo tu, mwalimu," akanong'ona. "Una kazi ya serikali, una watoto. Watasema wengine." Na Nakijwa, haya ndiyo yaliyomwumiza baadaye kuyasimulia, alihisi utamu wa khanga ile. Akaketi. Akayaona madoa ya kijani yakichipuka kwenye vidole vya miguu yake.

Hapo akasikia kishindo cha nyayo. Kwenye uwanda ule ambao hakuna aliyetembea, mwanamke mmoja alikuwa anakuja, visigino vimepasuka, sketi imetota matope, ndoo kichwani. Hakusimama hata alipomfikia. Ilibidi Nakijwa ainuke amfuate ndipo amsikie.

"Mimi ni Bado," akasema yule mwanamke. "Neno lile la langoni ni jina langu pia, ila mlinda lango hapendi lisemwe. Akilisema yeye, maana yake nyamaza. Wakiniita mimi kwalo, maana yake sijaondoka."

"Lakini utulivu si jambo jema?" Nakijwa akauliza. "Ndivyo ninavyowafundisha watoto."

"Upo wa kweli, mwanangu, wala siuchukii. Hukaa moyoni mwa anayesimama. Ukiukuta mdomoni mwa anayekuamuru uketi, ujue umeibwa."

Wakafika langoni. Utulivu alikuwa amelijaza kwa mwili wake. "Tulia!" akapaza sauti, na ule ulaini wote ukamtoka, joho likakunjamana.

"Pita," Bado akasema. "Mimi naweza kukaa nawe, kukupitisha siwezi. Ndugu yangu Hata-Hivyo, ambaye jina lake pia ni lile la langoni, ndiye hupita, naye hukaa ndani ya mtu mwenyewe."

Nakijwa akamgeukia yule bwana. "Umesema nitulie. Nimekusikia. Hata hivyo napita." Akaivua khanga ya Woga, akamkanyaga Utulivu joho, akapita.

Alipoamka jua lilikuwa lingali juu ya vilele, na moyo wake ulikuwa mtulivu kweli, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alielewa. Neno lilikuwa moja, na maana yake ilimngoja mtu wa kuichagua.

Kesho yake hakuomba ruhusa. Alisimama, akasoma ukurasa wa nne kwa Kiswahili, kisha kwa Kipare ili bibi wa mwisho asikie. Mzee Elinaja alimwamuru aketi mara tatu. Mara tatu alimjibu, "Nimekusikia, Mwenyekiti," akaendelea kusoma. Kura zilipopigwa, waliounga mkono mkataba walikuwa kumi na mmoja tu katika kijiji kizima. Wageni wakateremka mlima na makaratasi yao.

Wiki ya tatu ikaja barua ya kumhamishia shule ya mbali, "kwa maslahi ya umma." Nakijwa akaichukua, akaenda nayo hadi mezani kwa afisa wa elimu aliyeitia saini.

"Nimekuja kuuliza neno moja tu," akasema. "Umma upi?"

Afisa akasema hiyo ni lugha ya kawaida ya barua.

"Naifahamu. Nafundisha lugha." Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamsogezea kalamu yake afisa iliyokuwa mezani. "Uandike jina lake hapa, huo umma, nami nitafunga mizigo leo."

Yule bwana akaishika kalamu. Akaitazama barua, akamtazama mwalimu. Kisha akaifunika kalamu na kuirudisha mfukoni. Nakijwa akarudi Kisangeni, wala mizigo hakuifunga.