Mlango wa Buluu

Mwalimu wa fasihi aliwapa kazi iliyoonekana nyepesi: wasome ile hadithi ya kitabuni kuhusu mafuriko ya mji wao, watafute video za mafuriko hayohayo mtandaoni, kisha wamtafute mtu aliyeyaona kwa macho yake. Walinganishe. Kesho asubuhi kila kundi lisimame mbele ya darasa liseme lilichopata.

Wakili alichangamka kupita wote. Darasa zima lilimwita hivyo kwa sababu hakubali neno bila ushahidi, na safari hii shahidi alikuwa naye nyumbani, amekaa nyuma ya cherehani. Bibi yake aliyaona mafuriko yale. Ndiyo yaliyomchukua mama yake Wakili, yeye mwenyewe akiwa bado mchanga wa kubebwa mgongoni. Bibi alimsimulia tangu utotoni: mama alipita juu ya mlango wa buluu uliong'oka, amevaa gauni la njano, akawapungia mkono, maji yakampeleka. Picha ya mama haikusalia hata moja. Mkono ule ndio mama pekee aliyemjua.

Basi Mrefu, mwenzake wa kundi, alipompa simu na kusema, "Hebu tazama hii," Wakili aliinamia kioo. Mlango wa buluu. Gauni la njano. Mkono unapunga. Wakili akaangua kilio palepale maktabani, hadi mkutubi akawatolea macho.

"Subiri kwanza," Mrefu akasema. "Soma huku chini."

Huko chini walikuwa wameandika watu wa nchi nyingine kabisa. Walitaja mto wao, wakamtaja na mwanamke mwenyewe: aliokolewa, yu hai, anauza viatu. Tena mafuriko yao yalitokea Wakili akiwa tayari anaanza shule.

Alirudi nyumbani akijiuliza. Bibi muongo? Au waongo ni wale? Mtandaoni watu hubandika lolote. Lakini hata kitabuni hapakuwa na mlango wala gauni. Ni maji tu yaliyoingia usiku, na kelele.

Bibi alikuwa anapinda suruali ya mteja. Akaitazama ile video, mguu umetulia juu ya pedali.

"Ndiye huyu," akasema taratibu. "Jirani ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake, mwaka ule ulipoanza shule. Nikamwambia, ndiye."

"Bibi, huyu anauza viatu. Wewe usiku ule uliona nini?"

"Giza, mjukuu wangu. Nilikuwa nimekushika wewe. Mama yako akaniita, nami nikafumba macho, maana ningeyafumbua ningemfuata, na wewe ungebaki na nani?" Akaukata uzi kwa meno. "Ulipoanza kuuliza, sikuwa na cha kukupa."

Wakili hakujua akasirike au amkumbatie. Kesho atasema nini mbele ya darasa? Kwamba shahidi wake hakuona kitu? Alitaka kuuliza mama aliita vipi, kwa sauti gani, akashindwa.

"Icheze tena," bibi akasema.

"Lakini siye, bibi."

"Najua siye. Icheze."

Akabonyeza. Mlango ukaja, gauni likaja, yule mgeni akainua mkono. Wakili naye, bila kujua anamuaga nani, akaupunga wake.