Bado ya Bi Ingeborg

Usiku wa jana niliota nimeitwa mahakamani na kiti cha jikoni. Sikushangaa. Kiti chenyewe nakifahamu, nakipangusa vumbi kila Jumanne, na siku zote nimekiona ni kiti chenye maneno.

Afadhali nieleze kwanza, maana najua watu wa kwetu mtasema Mwanahamisi ameanza. Ninakaa Ketterby, mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani, mahindi kila upande mpaka macho yanachoka. Nafanya kazi kwenye makumbusho ya mji, chini ya jengo la mahakama ya zamani, kunakohifadhiwa vielelezo vya kesi za mauaji za miaka mia na zaidi iliyopita. Mkubwa wangu ni Bi Doreen, mwalimu mstaafu, mama mpole kweli, ambaye kila Jumamosi huwatembeza wageni akiwaonyesha nani alimuulia nani wapi. Wageni huja na watoto wao. Mwanzoni nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kabla ya kushuka zile ngazi. Siku hizi nashuka na maandazi.

Humo chini kuna sheria moja ambayo Bi Doreen haichezei. Anayegusa kielelezo anaandika jina lake kwenye kadi iliyofungwa juu yake, kisha anakiacha vilevile alivyokikuta. Kama kimekunjamana, kibaki kimekunjamana. Kuna shuka la kitanda, kielelezo namba saba, limesokomezwa ndani ya sanduku tangu mwaka 1913. Mimi nimelelewa na mama anayekunja hata matambara ya kudekia. Shuka lile linanikera, sifichi.

Ni la kesi ya Alma Tveit, mtumishi wa nyumbani wa miaka kumi na tisa. Alasiri moja ya Oktoba alitoka nyumba ya mwenye benki kwenda kuanua nguo kambani, hakurudi. Nusu ya nguo zilikutwa kapuni, nusu kambani, shuka hili likiwa chini kwenye majani. Muuza barafu alishtakiwa akaachiwa, mwili haukuonekana. Tangu hapo, kila Oktoba, karani wa mahakama alimpelekea mama wa Alma, Bi Ingeborg, karatasi ya kukubali kwamba mtoto amefariki, ili awekewe jiwe makaburini. Bi Ingeborg hakutia sahihi hata mara moja. Kila mwaka aliandika neno moja, na neno hilo kwa lugha yetu ni Bado. Karatasi thelathini na moja zimo kwenye faili. Bado ya mwisho mkono umetetemeka sana.

Nilizipenda zile karatasi kupita kiasi, kwa sababu na mimi ninayo yangu. Iko kwenye mlango wa friji, wiki ya tatu hii. Kaka yangu Mbaruku alitoka Muheza miaka kumi na tano iliyopita kwenda Durban kutafuta maisha. Simu ya mwisho alipiga akiwa Msumbiji, akasema mtandao mbaya, atapiga kesho. Sasa mama amechoka. Anataka mahakama itamke kwamba mwanawe amefariki, apate kumsomea hitima. Ami Amiri ameshatia sahihi, dada Mwanaidi ameshatia, imebaki yangu. Mama hakunisukuma. Alisema tu kwenye simu, "Ukiwa tayari, mwanangu." Nami kila nikishika kalamu, nakumbuka kule kusema atapiga kesho, naiweka chini.

Basi. Kwenye ndoto nimesimama kizimbani, na karani analeta kiapo juu ya sahani, na kijiko. Shahidi anatakiwa kula kiapo. Kiti kinakula chote, kinafuta mdomo ambao hakina, kinasema hakina chumvi.

Wazee wa baraza ni chupa kumi na mbili za matunda ya kuhifadhi kutoka kesi nyingine, ya mwaka 1898, ya mama mmoja aliyewatilia sumu wakwe zake. Sumu ilikuwa chupa moja tu na haikujulikana ipi. Wenyewe nao hawajui, kwa hiyo wamekaa wakitazamana kwa mashaka. Hakimu ni saa ya ukutani ya mwenye benki, iliyosimama saa kumi na dakika kumi, alasiri ile Alma alipotoka.

Kiti, ambacho nacho ni kielelezo cha kesi ya Alma, kinanilalamikia kwamba nimekipangusa miaka minne bila kukiuliza habari za siku ile. Kweli, nimekosa. Nakiomba radhi, nakiuliza kiliona nini.

"Sikuona kitu. Niligeuzwa mgongo dirishani."

"Sasa ningekuuliza nini?"

"Ni adabu tu, mama."

Wazee wa baraza wanatikisa vifuniko. Hakimu anasema hukumu itatolewa saa kumi na robo. Sote tunaitazama mishale yake, mishale haiendi. Tunakaa hivyo kitambo kirefu. Chupa moja inakohoa na wenzake wanasogea pembeni. Mwishowe hakimu anasema upelelezi haujakamilika, na wote mle ndani wanakubali kwamba hilo ni jambo la kawaida.

Halafu karani ananiletea karatasi nitie sahihi. Naitazama, naona ni ile ya kwenye friji yangu, hata sumaku yenye umbo la hindi ingali juu yake. Nasema hii si ya kesi hii. Karani anasema kesi zote humu ni moja, za watu waliotoka mara moja wakasema wanarudi.

Mlango unafunguliwa, Bi Doreen anaingia na kipaza sauti na wageni wake wa Jumamosi. "Na hapa, wageni wapenzi," anasema, "ndipo Mwanahamisi anapokataa kutia sahihi." Wanapiga picha. Mtoto mmoja anauliza damu iko wapi. Bi Doreen anamwambia hii haina damu, hii ni ya karatasi tu, na mtoto anasikitika waziwazi.

Niliona haya. Nikasukuma mlango wa nyuma, ambao kwa kawaida unaingia stoo ya mifagio, nikatokea uani kwa mwenye benki. Jua la alasiri, kamba ya nguo, kapu limejaa nusu. Mama mmoja mrefu, aproni nyeupe, amesimama ameshika shuka kwa ncha mbili, na upande wa pili wa shuka uko chini kwenye majani. Nilimjua kabla hajageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Bi Ingeborg, kwa Kiswahili cha Muheza kabisa. "Samahani siwezi kukupa mkono. Nililigusa hili siku ile, na hapajatokea mtu wa kulipokea kwangu. Sheria ni sheria."

Mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka viwiko, alisema, lakini kubwa zaidi ni pua, inawasha tangu mwaka 1913 na hana mkono wa kuikunia. Nikamkunia. Akashukuru.

Nikamwambia nimesoma karatasi zake zote. Nikamwambia, nikiwa karibu kulia, kwamba yeye ndiye mtu pekee katika mji huu ninayemwelewa. Alikataa miaka thelathini na moja, hakumwacha mtoto wake, na mimi nataka kuwa na moyo kama wake.

Alinitazama kama mtu aliyesifiwa kwa pilau ambayo hakuipika yeye.

"Unadhani nilikuwa namsubiri? Mwaka wa kwanza, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Baadaye nilijua. Mama anajua."

"Sasa Bado ile ilikuwa ya nini?"

Akalivuta shuka kidogo, akalegeza. Alisema mjini waliacha kulitaja jina la Alma kwa kumhurumia. Akiingia dukani mazungumzo yanakatika. Hata mumewe alifika mahali akawa anasema "yule mtoto." Aliyebaki ni karani. Kila Oktoba alikuja mpaka mlangoni, akavua kofia, na kwa kuwa ndiyo taratibu, alilisoma jina lote kwa sauti: Alma Kristine Tveit.

"Mara moja kwa mwaka," akasema. "Ningetia sahihi, asingerudi tena. Nikaandika Bado, ili mwakani aje."

Niliwaza kwetu. Tangu kaka atoweke, nani anasema Mbaruku? Mama anasema "yule kaka yenu." Dada anasema "mwenyewe." Watoto waliozaliwa nyuma wanamjua kama picha ya kabatini. Mimi mwenyewe, niliyejiona ndiye mlinzi wake, nilikuwa nalikwepa jina lake kama mtu anayekwepa jino bovu wakati wa kula. Nimemkumbuka kaka yangu miaka kumi na tano, kila siku ya Mungu, kimyakimya, na kimya hicho nilikiita imani. Iliniuma sana kuliona hilo, hata kwenye ndoto.

Bi Ingeborg akauliza, kwetu mtu akisomewa anatajwa? Nikamweleza. Nyumba inajaa mpaka mikeka inaazimwa. Mwalimu anamtaja yeye na jina la baba yake, watu wote wanaitikia amina. Wakishakula wanakaa mpaka jioni wakimsimulia. Kwa Mbaruku watasimulia alivyopanda mchungwa wa jirani tawi likamwangusha juu ya jirani mwenyewe. Watasimulia alivyokuwa akiitwa na mama akaoge, anaitika "naam" kwa sauti kubwa kule kule aliko, na haji.

"Halafu mwakani wanamtaja tena?"

"Kila mwaka, mama akitaka. Baba tunamsomea kila Shaabani."

"Watu wangapi?"

"Nyumba nzima, mama. Na majirani."

Macho yake yalikuwa kwenye kamba.

"Mimi nilikuwa na karani mmoja tu," akasema.

Kisha akaniambia nishike ncha zile mbili zilizoko chini. Nikamkumbusha sheria, kielelezo kiachwe kama kilivyokutwa. Akasema shuka halikunjwi na mtu mmoja, yeye amejaribu. Nikainama nikazishika.

Tunalikung'uta mara moja, linalia kama linavyolia la kwetu. Tunakutanisha pindo, tunasogeleana, narudi nyuma na pindo jipya. Mkunjo wa pili majani chini ya miguu yangu yanakuwa mchanga, nasikia harufu ya maganda ya machungwa. Ni uani kwetu, na beseni la buluu ya kufulia liko palepale karibu na kizingiti. Mkunjo wa tatu, mikono inayoletwa kwangu ina pete ya mama. Mama mwenyewe, kanga kifuani, amenikazia macho.

"Umepinda," anasema.

Nilikuwa nimepinda. Nikanyoosha.

Kambani lilibaki shati moja, la mistari ya kijani, la Mbaruku. Nikanyoosha mkono nilianue. Mama akasema niliache, halijakauka. Tukasimama tukalitazama linavyopepea, mimi na yeye, na nilitamani sana alasiri ile isiishe.

Lakini juu ya shuka kulikuwa na ile kadi ya kutia jina, na hapakuwa na kalamu. Mama alilisogeza beseni kwa mguu, akangoja. Nikatumbukiza dole gumba kwenye buluu, nikalibandika kwenye kadi. Mahali fulani saa ya ukutani ikapiga robo, na chupa kumi na mbili zikashusha pumzi.

Nikaamka. Saa kumi na mbili asubuhi, jua limeshatoka juu ya mahindi. Nikabaki kitandani nikitazama dari, nikijiambia ni yale maandazi ya jioni. Nikainua mkono kujifuta machozi.

Dole gumba lilikuwa la buluu. Sijafua wiki nzima, na buluu ya kufulia sijapata kuiona duka lolote la Ketterby. Nililinusa. Ni ile ile ya kwetu, na ilikuwa bado mbichi, ikinichuruzika kwenye kiganja.

Nikaogopa itakauka. Nikaenda jikoni mbio, miguu mitupu, nikaitoa karatasi chini ya sumaku, nikabandika dole mahali pa jina langu. Safari hii kwa macho makavu, nikijua ninalofanya.

Muheza ilikuwa saa nane mchana. Mama alipokea mlio wa pili.

"Mama, nimetia. Nimetia dole."

"Kalamu zimekwisha huko Marekani?"

"Zipo, mama."

"Haya."

Nilisikia kuku wake, nikasikia redio ya jirani. Nikasema, "Tumsomee Mbaruku."

Nilisikia anaiweka simu juu ya kitu, halafu nyayo, halafu mlango wa uani. Kisha, kutoka mbali, sauti ile ya kutuita jioni tukaoge, jina lote pamoja na la baba, bila kujali majirani:

"Mbaruku Shabani!"

Palikuwa kimya. Nikaileta simu karibu na mdomo.

"Naam," nikaitika.